Tulia Hapo Hapo

Kazini walimwita Kamanda, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi. Usidhani lilikuwa la mzaha. Mwanamke yule akiingia ofisini asubuhi, hata waliokuwa wanakunywa chai waliweka vikombe chini. Alikuwa na mdomo, jamani! Angekusema mpaka utamani ardhi ipasuke ikumeze, halafu akuulize mbona unalia, kwani amekugusa?

Ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Chumba kimoja kirefu, meza zimepangana, kila mtu na skrini yake na vidude vyake vya masikioni, na ukutani ramani kubwa yenye vitaa. Kampuni ilihudumia watu wanaofanya kazi kusikofika minara ya simu: wapima ardhi, wachimba visima, madereva wa malori ya mbali. Kila mmoja alikodishwa kisanduku cha manjano, kikubwa kidogo kuliko kiganja, kinachotuma na kupokea ujumbe kupitia setilaiti. Ubavuni kina kitufe chekundu. Hicho kinabonyezwa roho ikiwa mkononi, si vinginevyo.

Sasa, setilaiti za kampuni zilikuwa za kuhesabika. Moja inapita juu, inabeba ujumbe wa watu, inazama upande wa pili, na walio chini wanabaki kimya mpaka nyingine ichomoze. Kimya hicho ofisini walikiita pengo. Ujumbe ulioandikwa ndani ya pengo haupotei, unakaa kwenye kisanduku unasubiri, na setilaiti ikitokea unapanda. Rahisi hivyo.

Rahisi, lakini binadamu ana subira gani? Zamani kisanduku kilikuwa kinasema ukweli: "Ujumbe unasubiri setilaiti." Mtu akisoma hivyo anabonyeza tena. Na tena. Anabonyeza kama anayegonga mlango wa choo. Setilaiti ikifika inakuta ujumbe ule ule umerudiwa na kurudiwa, inashindwa kuubeba wote, inaondoka na nusu, na simu za malalamiko zinaanza kulia ofisini mpaka masikio yanauma.

Kamanda ndiye aliyemaliza tatizo hilo, tena bila kugusa waya wala bisibisi.

"Watu hawana haja na setilaiti," alimwambia Meneja. "Watu wanataka kujibiwa. Basi tuwajibu."

Kisanduku kikafundishwa kujibu chenyewe, palepale, hata kama angani hakuna kitu. Ukituma ujumbe wa kawaida, kinakuandikia "Umefika," na ndugu anayemwandikia mteja kwa simu ya kawaida naye anapata neno hilo hilo. Ukibonyeza kitufe chekundu, kinakupa sentensi ambayo Kamanda aliitunga mwenyewe, ameegemea dirisha na kikombe mkononi, bila hata kufikiri sana: "Ujumbe wako umepokelewa. Tulia hapo hapo, tunakuja."

"Na setilaiti isipotokea?" aliuliza Antena. Huyu alikuwa fundi wa mitambo, mrefu na mwembamba mpaka shati linamning'inia, ndiyo maana wakamwita hivyo.

"Lini haijatokea?"

"Nauliza tu."

"Usiulize tu. Siku nyingine ukija na swali, njoo na jibu lake, mimi si mama yako."

Watu wote wakacheka. Antena naye akacheka, maana kucheka na Kamanda kulikuwa salama kuliko kuchekwa naye.

Malalamiko yakakatika kama maji ya bomba. Wateja wakabonyeza mara moja, wakasoma jibu, wakatulia. Meneja akampigia Kamanda makofi mbele ya ofisi nzima na kumpa chumba chake mwenyewe pale mwisho, chenye kuta za vioo, ili awaone wote na wote wamwone. Kichwa kikavimba. Cha nani kisingevimba?

Maneno yale, tulia hapo hapo, hakuyaokota hewani. Yalikuwa maneno yake ya tangu utotoni. Mama yao alikuwa anashinda kwenye kazi za watu, na yeye, akiwa msichana tu, ndiye aliyemlea mdogo wake wa kiume. Akitaka kwenda kuchota maji au kucheza na wenzake, alimkalisha mtoto kwenye ngazi ya mlango na kumwambia, "Tulia hapo hapo, nakuja." Na mtoto alitulia. Loh, alikuwa na utii huyo! Siku moja Kamanda alinogewa na mchezo akamsahau, mvua ikanyesha, watu wakakimbilia ndani. Aliporudi alimkuta ngazini palepale, ameloa chapachapa, meno yanagongana, hajasogea hata kwenda chini ya paa lililokuwa hatua chache nyuma yake. Majirani walicheka mpaka basi. Kamanda alimfunga kwenye kanga yake akamkumbatia, na moyoni alijisikia mkubwa kuliko watu wote duniani. Kulikuwa na mtu mmoja anayemwamini hivyo.

Mtoto yule sasa alikuwa mtu mzima, mpima ardhi, bingwa wa mawe na udongo. Kamanda hakuwa na mume wala mtoto, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kwa nini. Alikuwa na mdogo wake. Basi. Halafu mdogo wake akaoa.

Wifi huyo alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa sauti ya chini, anayeongea na watu wazima taratibu kama anawafundisha kufunga kamba za viatu. Kosa lake? Kosa lake lilikuwa kwamba yupo. Kamanda hakumpenda tangu siku ya kwanza na hakujisumbua kuficha. Alisema hana damu, hana chumvi, hana hili wala lile. Alisema mdogo wake ameoa mto wa kulalia.

Kabla ya safari ya mwisho, mpima alipita ofisini kuchukua kisanduku. Anakwenda uwanda wa kaskazini, kule ardhi ya chumvi isiyo na mti, kupima mawe. Msaidizi wake ameugua, kwa hiyo anakwenda peke yake. Kamanda alimchagulia kisanduku kipya kabisa kwa mkono wake.

"Ukipata shida unabonyeza hapa."

"Nikibonyeza utakuja wewe?"

"Nitakuja mwenyewe, na fimbo."

Mdogo wake alicheka, akambusu kwenye paji la uso mbele ya watu wote, na Kamanda akamsukuma huku amefurahi.

Wiki ile ile setilaiti iliyokuwa inapita juu ya uwanda wa kaskazini ilizima. Haikulipuka, haikugongwa na chochote. Ilizima tu, kama taa ya chumbani. Antena alihangaika nayo kutwa nzima mpaka jasho likalowesha shati, kisha akaingia chumba cha Meneja, na Kamanda akaitwa.

"Itabidi tusogeze nyingine ifunike kule," alisema Antena. "Lakini setilaiti haisogezwi kama meza. Itachukua siku nyingi. Mpaka hapo uwanda mzima ni pengo."

"Wateja wa kule tuwaambieje?" aliuliza Meneja, na akamwangalia Kamanda, si Antena.

"Hatuwaambii kitu," alisema Kamanda. "Visanduku vinawajibu. Nani atajua?"

"Na mdogo wako yuko huko," alisema Antena polepole.

"Mdogo wangu ni mtu mzima, ana maji na chakula na gari zima. Wewe nenda kasogeze setilaiti yako."

Meneja akatabasamu. Alipenda watu wanaomwondolea maneno mdomoni.

Jioni ya pili tu, wifi akapiga simu.

Sasa pale ofisini walikuwa na mchezo wao, na sitaupamba: ulikuwa mchezo mbaya. Mke au mama wa mteja akipiga huku anababaika, aliyepokea alimnyooshea Kamanda kidole, na Kamanda akiitikia kwa kichwa, simu inawekwa kwenye spika chumba kizima kisikie. Wanaziba midomo kwa mikono, mabega yanatikisika. Kilio cha watu ndicho kilichokuwa redio yao.

"Kamanda, ni wifi yako," alisema binti wa mapokezi. Mmoja akadakia kwamba ofisi nzima mtandao unasumbua ila wifi ya Kamanda haikatiki, na vicheko vikaanza hata kabla mtu hajasema lolote.

"Weka," alisema Kamanda.

"Shikamoo wifi," ilisema sauti ile ya chini. "Samahani kukusumbua kazini. Ni kuhusu mdogo wako. Nikimtumia ujumbe simu inaniambia umefika, lakini hajibu."

"Sasa kama umefika unataka nini tena? Ufike mara mbili?"

Mabega yakatikisika.

"Hajawahi kukaa hivi, wifi. Kila jioni ananiuliza watoto wa darasani wamefanya nini, nimsimulie kituko kimoja ndipo alale. Jana hajauliza, na leo hajauliza."

"Labda amechoka na vituko vya watoto wa watu," alisema Kamanda. "Angekuwa na wake wa kumuulizia, angeuliza."

Jamani. Hata wale waliozoea, hapo kuna walioangalia mezani. Kila mtu alijua wifi yule amehangaika hospitali kwa miaka bila kupata mtoto. Kwenye spika ikasikika pumzi moja ndefu.

"Sawa wifi," ilisema sauti. "Nitapiga kesho."

Alipiga kesho yake, na siku iliyofuata. Halafu akaja mwenyewe. Alipanda ngazi za duka la magodoro akiwa bado na chaki kwenye vidole, akasimama mlangoni mwa chumba cha vioo na mkoba wake kifuani.

"Nimetoka kwa waajiri wake," alisema. "Wana gari tayari na dereva tayari. Wanasema wao hawana taarifa yoyote ya shida, na wewe ndiye mwenye mitambo. Ukisema neno moja tu, gari linaondoka sasa hivi."

Huko nje ya kioo watu walikuwa wameacha kuandika.

Tuseme ukweli, ndani yake kitu kilimchoma. Hakuwa jiwe. Kila asubuhi alikuwa anapita kwenye meza ya Antena kuuliza setilaiti imefika wapi, eti kwa ajili ya ripoti. Lakini kusema neno hilo kulikuwa na maana moja: kukiri kwamba "Umefika" haimaanishi umefika. Kukiri kwamba uwanda mzima uko gizani na wao wanawadanganya watu. Na kukiri mbele ya nani? Mbele ya mto wa kulalia!

"Lete simu yako," alisema.

Wifi akampa. Kamanda aliinua simu ile juu ili hata walio nje ya kioo waone.

"Soma hapa. Kumeandikwaje?"

"Umefika."

"Soma kwa sauti, mwalimu. Si ndiyo kazi yako?"

"Umefika," alisema wifi. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza. "Umefika wapi, wifi?"

Antena, kwenye meza yake, aliinua kichwa. Kamanda alimwona. Alijua kabisa umefika wapi: haujafika popote, uko kwenye foleni ya mashine mle mle ofisini, kama mzigo uliosahaulika stendi. Neno moja lilikuwa linatosha, na alikuwa nalo kwenye ulimi.

"Umefika kwake," alisema. "Umemfikia na ameusoma. Hajajibu kwa sababu hataki kujibu. Mwanaume kwenda porini kupumzika kelele za mkewe si dharura. Nikitoa gari kwa ajili yako, kesho kila mke mwenye wivu atataka gari. Nenda kafundishe watoto a, e, i, o, u."

Alimpa vidonge vyake mbele ya ofisi nzima, na ofisi nzima ikacheka, wengine kwa woga, wengine kwa raha. Wifi hakulia. Alichukua simu yake akaifuta kioo kwa upindo wa nguo, akaenda kukaa kwenye benchi la mapokezi. Kuanzia siku hiyo, akitoka shuleni alikuja kukaa pale mpaka ofisi inafungwa. Kamanda alitaka kumfukuza, lakini Meneja alisema aachwe, wateja wengine wasije wakaona vurugu.

Antena alimfuata Kamanda jioni moja kwenye ngazi.

"Mwambie, Kamanda. Mwambie yeye peke yake, si lazima wengine wajue."

"Ulicheka au hukucheka?"

"Nilicheka."

"Basi usinihubirie," alisema Kamanda, akashuka.

Setilaiti ilisogea, taratibu, kama ng'ombe anayevutwa kamba, mpaka asubuhi moja Antena akapaza sauti: "Imechomoza!" Vitaa vya uwanda wa kaskazini, vilivyokuwa vimekufa kwenye ramani, vikaanza kuwaka kimoja baada ya kingine. Watu wakashangilia. Meneja alikuwa ameagiza soda kreti nzima, zikafunguliwa. Ujumbe ulimiminika kwenye skrini wote kwa pamoja: dereva anaomba tairi, mchimba kisima anamsalimia mama yake, mtu anauliza matokeo ya mpira uliochezwa zamani. Kamanda alisimama katikati na chupa mkononi, anapokea pongezi.

Shule zilikuwa zimefungwa wiki hiyo, kwa hiyo wifi alikuwa pale kwenye benchi tangu asubuhi. Simu yake ilianza kulia. Ililia, ikalia, ikalia, mlio juu ya mlio, maana anayebonyeza kitufe chekundu ujumbe wake unamfikia na ndugu yake pia.

"Kamanda," aliita Antena. Sauti yake haikuwa ya mtu anayekunywa soda. "Njoo hapa."

Alikwenda. Kwenye skrini ya Antena palikuwa na mistari myekundu, yote kutoka kisanduku kimoja. Alikijua kisanduku hicho. Alikichagua kwa mkono wake.

Ujumbe wa kwanza ulisema: "Gari limezama kwenye chumvi, halitoki. Niko salama. Nyuma ya kilima naona vumbi la malori, ni kambi ya wajenzi wa barabara. Naenda huko kwa miguu, nitafika kabla ya giza."

Na chini yake, kwa herufi ndogo, jibu ambalo kisanduku kilimpa palepale, kule peke yake, bila setilaiti yoyote angani: "Ujumbe wako umepokelewa. Tulia hapo hapo, tunakuja."

Wa pili ulisema: "Sawa. Nilikuwa nimeshaanza kupanda kilima. Nimerudi kwenye gari nawasubiri."

Chupa ilimponyoka Kamanda. Soda ikamwagika kwenye viatu vya Antena na hakuna aliyeangalia chini. Alitaka kusoma unaofuata na hakuweza, macho yalikataa, herufi zilikuwa zinaogelea. Lakini hakuhitaji kusoma. Wifi alikuwa ameinuka kwenye benchi, anakuja katikati ya meza na simu mkononi, na alikuwa anasoma kwa sauti, taratibu, kila neno peke yake, vile vile anavyowasomea watoto wake.

"'Dada, nimeyajua maneno haya. Hakuna mwingine anayesema hivyo. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Usijali, natulia.'"

"Nyamaza," alisema Kamanda.

"'Maji yamebaki kidogo. Mmefika wapi? Yale malori bado nayasikia, lakini usiwe na wasiwasi, sitoki.'"

"Nyamaza, nakuomba."

"Ulitaka nisome kwa sauti, wifi. Si ndiyo kazi yangu?" Akageuza simu, akaendelea. "'Dada, nimebonyeza tena, kimeniambia mnakuja. Mwambie mke wangu anitunzie vituko vya watoto, nimekosa vingi.' Na huu ndio wa mwisho. 'Bado nipo hapo hapo.'"

Wifi aliutazama ule wa mwisho kwa muda, kisha akauliza, kwa upole kabisa, "Ulisema anapumzika kelele zangu?"

Kamanda alipiga kelele gari litoke, gari litoke, jamani gari! Likatoka. Sasa lilitoka! Dereva alimkuta mpima ameketi kwenye kivuli cha gari lake, mgongo kwenye tairi, kisanduku mapajani, kidole bado kiko ubavuni. Amekufa. Dereva huyo alikuwa mtu mnyoofu asiyejua kupunguza maneno, akasimulia kila kitu mbele ya ndugu wote: kwamba alipanda kile kilima kutafuta mtandao wa simu, na kutoka juu aliliona tangi la maji la kambi ya barabara, jeupe, karibu mno. "Mtu mwenye kiu angelifikia hata kwa kutambaa," alisema.

Ofisini walifanya kikao. Meneja alimpa Kamanda pole na likizo. Kuhusu ile sentensi, walikubaliana kwamba neno "tunakuja" ni la hatari kisheria, likafutwa. Yaliyobaki, "Ujumbe wako umepokelewa, tulia hapo hapo," waliyaacha kama yalivyo, maana yanapunguza msongamano.

Kamanda alimwandikia wifi yake. Yeye ambaye hakuwahi kuomba radhi kwa mtu, aliandika usiku na mchana, maneno marefu, maneno mafupi, wakati mwingine "Wifi" tu. Hakujibiwa. Alipiga, simu ikaita mpaka ikachoka. Alitaka kitu kimoja tu sasa, si kusamehewa, huko hakufika: alitaka kumwona mdogo wake mara moja kabla hajafukiwa, amfunge shuka kwa mkono wake kama alivyomfunga kanga siku ya mvua.

Siku ya mazishi alikwenda. Nyumba ya mdogo wake ilikuwa na ukuta na geti la bati, na nje ya geti kulikuwa na ngazi ndogo ya saruji. Alisikia watu ndani, viti vinaburutwa, mtu anaita mtu. Akagonga. Geti likafunguliwa kidogo, na aliyefungua alikuwa wifi mwenyewe, amejifunga nguo nyeusi, macho makavu.

Kamanda alipiga magoti. Palepale kwenye vumbi, yule mwanamke wa chumba cha vioo, alipiga magoti.

"Wifi, niruhusu nimwone. Unitukane, unipige, unifanye utakalo. Lakini niruhusu nimwone, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyemlea."

Wifi alimwangalia. Akainama, akamshika mkono, akamnyanyua kwa upole na kumkalisha kwenye ile ngazi ya saruji. Akamfuta vumbi magotini, kama unavyomfuta mtoto aliyeanguka uwanjani.

"Umepokelewa, wifi," alisema kwa sauti yake ile ya darasani. "Tulia hapo hapo, tunakuja kukuchukua."

Geti likafungwa.

Kamanda alitulia. Angeweza kugonga tena, angeweza kuzunguka, angeweza kupiga mayowe ndugu wote watoke. Alikuwa na mdomo, si tulisema? Lakini alijiambia kwamba akisogea tu, ameharibu. Akitulia, huenda kweli wakaja. Jua lilipanda likamkalia kichwani. Ngazi ikawa ya moto mpaka ikamchoma kupitia nguo, koo likamkauka. Hatua chache kando palikuwa na kivuli cha ukuta. Hakwenda.

Ndani kelele zilizidi, kisha zikapungua, kisha zikanyamaza kabisa. Akafurahi, masikini, alidhani ndio wanajiandaa kumfungulia. Aliketi wima akajifuta uso, akapanga maneno atakayomwambia mdogo wake.

Watu walipoanza kurudi walikuja kutoka kule barabarani, kwa makundi, wanaongea chini chini, na viatu vyao vilikuwa na udongo mwekundu. Aliutazama udongo ule kwenye kiatu cha kwanza, cha pili, cha tatu, kabla hajaelewa. Kulikuwa na mlango wa nyuma. Walimtoa kwa mlango wa nyuma, wameshamzika, wamerudi.

Wifi alikuwa wa mwisho. Alisimama mbele ya ngazi, anakung'uta udongo mikononi, akamwangalia Kamanda kwa mshangao kidogo, kama mtu aliyekumbuka kitu alichokisahau jikoni.

"Kumbe bado upo hapo hapo?" alisema.

Akampita, akaingia ndani.